Saa za Masomo Zinatoka Wapi?

(Mada hii ilitolewa na mratibu wetu wa mafunzo ya walimu katika semina ya walimu na walezi wa shule za awali zinazoendeshwa na sharika zetu. Tunaichapa kwa ombi la washiriki waliotaka kwenda kuijadili nyumbani kwao. – Mhariri)



Nimepewa kichwa kirefu: "Kusomea ualimu huku unalea watoto na una kazi ya kutwa." Naomba ruhusa yenu nikigeuze kuwa swali fupi: saa za masomo zinatoka wapi? Nimechagua swali hili kwa sababu katika semina nyingi tunahimizana kujiendeleza, tunapigiana makofi, tunakumbushana kwamba elimu haina mwisho, kisha kila mtu anarudi nyumbani kwake akakute sufuria, madaftari ya watoto na mume au mke ambaye hakuwepo kwenye semina. Kuhimizana si vibaya. Lakini leo nataka tufanye hesabu.

Wengi wenu hapa mmefundisha chekechea kwa miaka mingi mkiwa na moyo wa kupenda watoto na semina fupi mbili tatu. Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 elimu ya awali ilipotambuliwa rasmi, na zaidi baada ya sera ya mwaka 2014 kuiingiza katika elimu ya msingi, mwalimu wa awali haonekani tena kama mtu wa kuwatuliza watoto wakati wazazi wako shambani. Anatakiwa awe amesomea. Kwa hiyo mama mwenye watoto watatu, anayefundisha kutwa, anaambiwa arudi darasani. Anafurahi, na anaogopa. Yote mawili yana sababu.

JAMBO HILI SI GENI KWETU

Niwatie moyo kwanza. Taifa letu liliwahi kujenga elimu yake juu ya watu waliosoma huku wanafanya kazi. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, badala ya kungoja mpaka 1989. Walimu hawakuwepo, na vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa haraka hiyo. Ndipo wakachukuliwa wahitimu wa darasa la saba, wakafundisha katika shule za vijijini huku wenyewe wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na msaada wa waratibu, kisha wakaenda chuoni kwa muda mfupi kumalizia. Kwa njia hiyo, kuanzia 1976 hadi miaka ya mwanzo ya 1980, walipatikana walimu wapatao 45,000. Baadhi yetu tulifundishwa kusoma na kuandika na walimu hao wa UPE.

Baadaye, kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kikaanzishwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Chuo hiki kina vituo mikoani, ili mwalimu wa Songea au Bukoba asilazimike kuacha kazi na kuhamia Dar es Salaam. Leo kuna vyuo vingine pia vinavyofundisha kwa masafa, na simu ya mkononi imechukua sehemu kubwa ya kazi iliyofanywa na posta na redio.

Kwa hiyo jibu la swali "inawezekana?" ni ndiyo, inawezekana. Lakini chuo kilipokuja nyumbani, hakikuja na saa za ziada. Kilikuta siku ina saa 24 kama ilivyokuwa.

TUHESABU PAMOJA

Shikeni kalamu. Katika mfumo wa vyuo vyetu, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Humo yamo masomo ya darasani, kujisomea, kazi za kuandika na mitihani. Mwaka mmoja kamili wa masomo ni krediti 120, yaani saa 1,200. Mtu mwenye kazi ya kutwa hawezi mzigo huo. Tuseme anachukua nusu: saa 600 kwa mwaka. Ukizigawa kwa wiki 50, unapata saa 12 kila wiki. Na kwa mwendo huo wa nusu, stashahada ya miaka miwili itamchukua minne, na shahada ya miaka mitatu itamchukua sita. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mama yake alipojiandikisha shahada atakuwa anamaliza darasa la sita.

Sasa tumtazame mwalimu mmoja wa kubuni. Wiki ina saa 168. Kazi ni saa 45, pamoja na kuandaa andalio la somo na zana. Kwenda na kurudi, saa 2 kwa siku tano, ni 10. Usingizi wa saa 7 kila usiku ni 49. Nyumbani, kupika, kufua, kuogesha, kukagua madaftari, kwenda sokoni, tumpe saa 5 kila siku ya kazi na saa 7 kila siku ya mwisho wa wiki: jumla 39. Ibada, kwaya, jumuiya, kikoba, na msiba ambao haukosekani, saa 10. Kula, kuoga na kuvaa, saa moja na nusu kwa siku, ni 10 na nusu. Jumlisheni.

Nasikia mtu anasema 163 na nusu. Sawa kabisa. Zimebaki saa 4 na nusu, na masomo yanataka 12. Saa 7 na nusu hazipo. Kwa mwaka wa wiki 50 ni saa 375 ambazo hazipo. Na hapo mtoto hajaugua malaria, umeme haujakatika, wala hujaenda kumuuguza mama mkwe.

Ndugu zangu, watu wengi husema tatizo ni kujipanga. "Jipange tu, dada, utaweza." Mmeona wenyewe. Huyu mwalimu amejipanga vizuri kuliko wengi wetu, hata saa ya kupiga soga hatukumpa. Hakuna ratiba itakayozaa saa ambazo hazipo. Lazima zitoke kwa mtu.

NANI ANALIPA?

Saa hizo hukopwa. Tatizo ni kwamba mara nyingi hukopwa kimya kimya, bila mkopeshaji kuulizwa. Niwataje wakopeshaji wanne.

Wa kwanza ni mwili wako mwenyewe. Unapunguza usingizi kutoka saa 7 hadi 6, kisha 5. Kwa wiki ya mtihani mwili utakukopesha. Kwa miaka minne utakudai kwa hasira, kwa kusinzia mbele ya watoto 40 wa chekechea, kwa shinikizo la damu. Saa 7 na nusu kwa wiki ni zaidi ya saa moja kila usiku. Msitoe zote hapo.

Wa pili ni mwenzi wako. Huyu akiulizwa mapema hukopesha kwa moyo. Asipoulizwa hukopesha kwa kununa.

Wa tatu ni msichana wa kazi, kwa nyumba zenye uwezo wa kumweka. Mama anaanza kusoma, na siku ya msichana inarefuka: alikuwa akilala saa nne usiku, sasa analala saa sita. Mshahara ni uleule. Tukumbuke kwamba mbele ya sheria huyu ni mwajiriwa kama wewe. Serikali inapotangaza kima cha chini cha mshahara, watumishi wa majumbani wamo. Ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki unamhusu na yeye. Haifai mwalimu apate cheti chake juu ya mgongo wa binti ambaye pengine hakumaliza hata sekondari. Ukimwongezea kazi, mwongezee malipo, au mpunguzie mahali pengine. Na ukiweza, mtafutie na yeye saa za kujifunza.

Wa nne ndiye ninayetaka mumkumbuke kuliko wote, kwa sababu yeye hana sauti ya kukataa. Ni mtoto wenu mkubwa, na mara nyingi ni wa kike. Mama akiingia masomoni, binti wa miaka 12 anakuwa mama mdogo. Anapika, anaogesha wadogo zake, anawalaza, ndipo afungue daftari lake mwenyewe saa tatu usiku akiwa amechoka. Watu husifu: "Binti yako anajua kazi!" Na kweli, mtoto kusaidia nyumbani ni malezi mema. Hakuna anayepinga. Lakini kusaidia ni jambo moja, na kubeba nyumba ni jambo lingine. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kupata elimu, na inataja pia haki ya kucheza na kupumzika. Sisi walimu wa awali ndio tunaowahubiria wazazi wengine habari za umuhimu wa mchezo kwa mtoto. Je, wa kwetu?

Kipimo changu ni chepesi. Angalieni ripoti ya shule ya binti yenu muhula mmoja kabla ya ninyi kuanza masomo, na muhula mmoja baadaye. Ikiwa alama zenu zinapanda na za kwake zinashuka, mmejua ada inalipwa na nani.

USHAURI WA YETHRO

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, tunamkuta Musa ameketi kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, na watu wamesimama wakimngoja. Mkwewe Yethro anamtazama, kisha anamwambia waziwazi kwamba jambo hilo si jema. Atajichosha yeye na watu pia, kwa maana mzigo ni mzito kuliko nguvu za mtu mmoja. Anamshauri achague watu waaminifu, wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, wabebe mzigo pamoja naye.

Sura hii tumeihubiri mara nyingi tukizungumza juu ya uongozi. Lakini someni mwanzo wake. Yethro hakuja peke yake. Alikuja na Sipora, mke wa Musa, na wanawe wawili, Gershomu na Eliezeri, ambao walikuwa wakikaa kwake. Aliyemwambia Musa kwamba amebeba kupita kiasi ni yule aliyekuwa akimtunzia familia! Alikuwa na haki ya kusema. Na Musa, mtu mkubwa kiasi kile, akasikiliza.

Mkopeshaji wako akisema mzigo umezidi, msikilize. Inawezekana ni mama mkwe anayekaa na watoto kila Jumamosi. Inawezekana ni binti yako. Usimjibu kwamba haelewi thamani ya elimu. Yeye ndiye anayeielewa bei yake.

KABLA YA KUJIANDIKISHA

Bwana wetu alifundisha kwamba mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza. Basi ketini kabla ya kujaza fomu. Napendekeza kikao cha familia, watoto wenye umri wa kuelewa wawepo, na mambo matano yaamuliwe.

1. Saa zipi. Msiseme "nitakuwa nasoma usiku." Taja. Kwa mfano: Jumanne na Alhamisi saa tatu hadi saa tano usiku, Jumamosi saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, Jumapili saa tisa hadi saa kumi na moja. Hizo ni saa 12. Ziandikwe, zibandikwe ukutani karibu na kalenda ya usharika.

2. Nani anashika nini katika saa hizo. Jumamosi nani anapika? Nani anafua sare za shule? Jina liandikwe mbele ya kazi. Kazi isiyo na jina humrudia mama.

3. Nini tunaacha. Hapa pagumu. Ukiongeza saa 12 bila kupunguza kitu, umejidanganya. Pengine utatoka kwenye kamati moja ya usharika kwa miaka miwili. Pengine chakula cha Jumamosi kitakuwa maharage yaliyochemshwa Ijumaa, na hakuna atakayelalamika. Wachungaji mlioko hapa, mwalimu akija kuaga kwaya kwa sababu ya masomo, msimhesabu kuwa amepoa kiroho.

4. Saa zisizoguswa. Kila familia iwe na saa ambazo hata mtihani hauziingilii. Chakula cha jioni pamoja, au sala ya usiku, au Jumapili mpaka saa tisa. Mtoto akijua kuna saa yake ya hakika, ataivumilia Jumamosi yako.

5. Mwisho ni lini, na deni litarudishwaje. Mkopo usio na tarehe ni wizi wa polepole. Watoto waambiwe: mama atamaliza mwaka fulani. Mwenzi aambiwe: ukija wakati wako wa kusoma, mimi nitashika nyumba. Na kila mwisho wa muhula familia ikae tena iulizane hali.

Kwa wale wanaolea peke yao, wajane na wengineo, najua mnajiuliza mwenzi huyo atoke wapi. Kwenu kikao ni muhimu zaidi, ila kitakuwa na bibi, shangazi, jirani au mwalimu mwenzako. Njia moja inayofaa ni zamu. Walimu watatu wa kituo kimoja wanaosoma wanapeana Jumamosi: mmoja anakaa na watoto wote, wawili wanasoma. Wiki ijayo wanabadilishana. Haihitaji fedha. Inahitaji uaminifu wa kutokosa zamu yako.

WATOTO WASIWE NJE YA MASOMO

Tusiwaone watoto kuwa kizuizi tu. Mwalimu wa awali ana bahati ambayo mhasibu hana: mambo anayosomea yako sebuleni kwake. Unatakiwa kutengeneza zana za kuhesabia? Kusanyeni vifuniko vya chupa na maboksi pamoja na wanao. Unatakiwa kujifunza kusimulia hadithi? Wajaribie kwanza wao kabla ya kulala. Wakisinzia katikati, hadithi yako ina tatizo au ni nzuri mno. Unasoma juu ya ukuaji wa mtoto wa miaka minne? Yuko mezani anamwaga uji.

Mkiweza, wekeni meza moja ya kusomea kwa wote. Saa tatu ya Jumanne mama anafungua moduli yake na mtoto mkubwa anafungua daftari lake. Atakuona ukikosea, ukifuta, ukiuliza. Hilo litamfundisha kusoma kuliko hotuba ya saa nzima.

Lakini angalizo: saa ya kutengeneza zana pamoja isihesabiwe kuwa ndiyo saa pekee ya mtoto. Mtoto hutambua anapotazamwa kama mwanao na anapotazamwa kama zoezi la chuo.

NENO KWA KINA BABA

Kaka zangu, naomba mnivumilie. Baba anapokwenda kusoma, nyumba nzima hunyamaza ili baba asome. Chai hupelekwa mezani. Hakuna anayemwuliza nani atafua. Mama anapokwenda kusoma, huambiwa, "Sawa, mradi kazi za nyumbani zisilale." Maneno hayo yanaonekana kama ruhusa, lakini hesabu tuliyofanya imeonyesha maana yake: soma, ila utoe saa zote kwenye usingizi wako.

Zile saa 7 na nusu, mkigawana, baba akachukua 4 kwa wiki, ni kitu gani? Ni jioni mbili za kukagua madaftari na kuwalaza watoto. Tunasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, juu ya Prisila na Akila, mume na mke mafundi wa mahema, ambao pamoja na kazi yao ya mikono walimchukua Apolo wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Walifanya kazi pamoja na kufundisha pamoja. Maandiko hayasemi nani alikuwa akipika siku Apolo alipokuja, lakini siamini kwamba Akila alikaa akingoja.

NENO KWA WAAJIRI, PAMOJA NA SISI WENYEWE

Wakuu wa vituo, sharika na idara zetu ni waajiri. Tunawataka walimu wawe na cheti, kwa hiyo tusijifanye watazamaji.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28, na mama aliyejifungua siku 84 za likizo ya uzazi, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mama anayenyonyesha anapewa hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Likizo ya masomo haimo katika orodha ya likizo za sheria hiyo. Hutegemea mkataba na utaratibu wa mwajiri. Maana yake ni kwamba mwalimu wetu akienda mazoezi ya kufundisha au mitihani, mara nyingi huzitumia siku zake 28 za kupumzika. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, hapumziki hata wiki moja, na watoto wake hawaendi naye kumwona bibi.

Naziomba bodi za vituo mambo manne yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, tuandike katika mikataba siku za mitihani, hata kama ni chache, zisikatwe kwenye likizo ya mwaka. Pili, inapokubaliwa na chuo, mwalimu afanye mazoezi ya kufundisha katika shule iliyo karibu na nyumbani kwake. Tatu, vikao visiitwe Jumamosi ambayo tayari tumemruhusu mwalimu asome. Nne, mama anayenyonyesha apate saa zake kwa ukamilifu, na asiambiwe achague kati ya kunyonyesha na kusoma. Akiwa na mtoto mchanga, chuo kinaweza kungoja muhula mmoja.

KUSIMAMA SI KUSHINDWA

Hapo naomba nisisitize. Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka. Ninyi mmeshika tatu. Kuna muhula ambao moja itabidi iwekwe chini: mtoto ameugua muda mrefu, mzazi amefariki, mwenzi amepoteza kazi. Heri uiweke mwenyewe kwa utaratibu kuliko ikuponyoke. Nenda chuoni, uliza utaratibu wa kuahirisha masomo, andika barua, pokea jibu kwa maandishi, hifadhi nakala. Mwanafunzi aliyeahirisha kwa barua anaweza kurudi palepale alipoishia. Aliyeacha kimya kimya hurudi na matatizo ya ada na matokeo yasiyoonekana. Na ukishaahirisha, usijifiche usharikani kwa aibu. Masomo ya miaka minne yakichukua mitano, watoto utakaowafundisha hawatauliza.

Wapo pia watakaofanya hesabu hii nyumbani na kuona kwamba mwaka huu haiwezekani kabisa. Huyo amefanya kazi ya mwenye hekima. Aanze kuweka akiba ya ada kwenye kikoba, aanze kumfundisha mwenzi wake na watoto kushika kazi, na mwakani ahesabu tena.

MASWALI YA KUJADILI

Nayaacha maswali manne kwa ajili ya vikundi na kwa ajili ya nyumbani:

1. Katika wiki yako ya kweli, zimebaki saa ngapi? Andika, usikisie.

2. Ukianza masomo, saa zinazopungua zitatoka kwa nani? Je, umemwuliza?

3. Usharika wako unaweza kumpunguzia mwalimu anayesoma mzigo gani?

4. Nani katika nyumba yako anangoja zamu yake ya kusoma, na zamu hiyo ni lini?

Swali la nne msiliruke. Pengine anayengoja ni mume, pengine ni msichana wa kazi, pengine ni binti yule wa miaka 12. Tunawaandaa walimu ili watoto wa sharika zetu waanze maisha vizuri, na watoto hao ni pamoja na wale wanaolala chini ya paa la mwalimu mwenyewe.

Mungu awape nguvu mnaosoma, na awape moyo wa uvumilivu wale wanaowakopesha saa zao.